Kama Mchungaji Mtikila alishinda kesi Arusha, mbona bado sigombei bila chama?

Swali: "Shikamoo wakili. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kiboriloni, Moshi. Nataka kugombea udiwani wa kata yetu, ila chama sina na sitaki. Mzee mmoja kijiweni akaniambia jambo hilo lilishaamuliwa zamani, kwamba Mchungaji Mtikila aliibwaga Serikali kwenye mahakama ya Afrika pale Arusha. Mwenzake akacheka, akasema yule alikuwa mtu wa vituko tu, msindikizaji wa uchaguzi, hakuna alichowahi kushinda. Nani mkweli hapo? Na kama alishinda kweli, mbona naambiwa nikadhaminiwe kwanza na chama?"

Marahaba, fundi. Nianze na jibu fupi nikuokolee nauli: udiwani, ubunge na urais, vyote vitatu, sheria yetu hadi leo inakutaka uwe mwanachama wa chama cha siasa na chama hicho kikusimamishe. Waliokwambia utafute chama wanasema kilichoandikwa. Mzee wa kijiweni naye hakukudanganya. Mchungaji Christopher Mtikila aliishinda Serikali Arusha tarehe 14 Juni 2013, na hukumu ile haijatenguliwa na mtu. Aliyecheka ndiye aliyepotea njia, ingawa kilichomchekesha nakijua.

Kukueleza kwa nini yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, lazima nikupitishe kwenye maisha ya mtu mwenyewe.

Mtikila alizaliwa mwaka 1950 Ludewa, enzi hizo ikiwa mkoa wa Iringa, sasa Njombe. Alikuwa mchungaji wa kanisa lake, Full Salvation, na siasa aliifanya kwa sauti ileile ya mimbarini. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wenzake walikimbilia kusajili vyama, kufungua matawi na kushona bendera. Yeye alianzisha chama chake, Democratic Party, ambacho wote tunakiita DP, kisha akagoma pale wengine wote walipopita. Sheria ya Vyama vya Siasa ilitaka chama kipate wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Mtikila hakutaka kusikia. Kwake yeye nchi ilikuwa Tanganyika, Zanzibar ni nchi nyingine, na kwenda kutafuta wanachama Pemba kungekuwa kukiri Muungano anaoupinga. DP ikakaa bila usajili wa kudumu hadi mwaka 2002.

Hebu fikiria hasara yake. Chaguzi mbili kuu, ule wa 1995 na wa 2000, kiongozi wa chama anayejulikana nchi nzima anazitazama kutoka pembeni, kisa wanachama 200 wa Unguja na 200 wa Pemba. Mwanasiasa wa kawaida angekodi boti wiki ileile, akachukua majina, akarudi bara kuendelea kuutukana Muungano kwenye mikutano halali. Hapo ndipo wengi walipoanza kumwona hamnazo. Mimi naona hapo ndipo alipojieleza vizuri kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa.

Mikutano yake nayo ilikuwa moto. Alisema na walalahoi, na walalahoi walimsikiliza. Lakini kuna upande ambao wanaompenda huuruka, na mimi sitauruka: aliwanyooshea kidole Watanzania wenye asili ya Asia, akawaita magabacholi, akahubiri kana kwamba umaskini wa Mswahili umetengenezwa dukani kwa Mhindi. Wengi wa watu wale ni raia, wazazi wao na babu zao wamezaliwa hapahapa. Wewe upo Moshi, unafahamu maduka mangapi ya vifaa vya ujenzi na vipuri mjini ni ya familia zilizokuwapo kabla ya Uhuru. Maneno ya namna ile jukwaani hayaishii jukwaani, na sioni cha kumtetea hapo. Alishtakiwa kwa uchochezi zaidi ya mara moja. Hayo pia ni sehemu ya rekodi yake.

Alipopata usajili, akagombea urais mwaka 2005. Wagombea walikuwa kumi. Yeye akawa wa sita: kura 31,083, kwenye uchaguzi uliopigiwa kura halali zaidi ya milioni 11. Hiyo ni asilimia 0.27. Kwa hesabu hiyo, rafiki yako wa kijiweni ana haki ya kucheka.

Ila hesabu hiyohiyo ukiishika peke yake itakupotosha kuhusu watu wengi. Chukua wa nyumbani kwenu, mzee wa Kiraracha. Augustino Mrema alitoka CCM mwaka 1995 akiwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi, akapata karibu asilimia 28. Wananchi walikuwa wanalisukuma gari lake kwa mikono. Miaka kumi baadaye, akiwa TLP, aliambulia asilimia 0.75, akiwa juu ya Mtikila kwa nafasi mbili tu. Kisha mwaka 2010 Vunjo wakampa ubunge. Mrema alikuwa na vituko vyake pia, na watu walimpenda navyo, lakini siku zote alikuwa anakitafuta kiti. Hashim Rungwe wa CHAUMMA alipoahidi ubwabwa, nchi nzima ikacheka, na alikuwa anawaambia watu jambo la maana kuhusu njaa, naye akiomba kura. Mtikila alikuwa wa aina nyingine kabisa. Kura alizitaka, sikatai, lakini ukimfuatilia mwaka hadi mwaka utakuta uwanja wake wa kampeni ulikuwa mahakamani. Huko alikwenda wakati ana chama, wakati hana, kabla ya uchaguzi na baada ya uchaguzi.

Kesi ya kwanza ndiyo ninayowasomesha vijana wanaokuja kujifunza uwakili, na ndiyo ningependa uijue kuliko zote. Aliifungua mwaka 1993 Mahakama Kuu Dodoma, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira. Alilalamikia mambo chungu nzima kwa mkupuo: Muungano, usajili wa vyama, vibali vya mikutano, mgombea binafsi. Serikali ikaja na hoja ya kwanza inayotangulia hoja zote, kwamba huyu bwana hana cha kushtakia, yeye ni nani hata atusumbue kwa niaba ya nchi nzima?

Lugakingira angeweza kumtimua pale pale. Hoja ilikuwepo, na mlalamikaji mwenyewe hakuwa mtu wa kuonewa huruma na dola. Badala yake jaji alishika Ibara ya 26(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi, akaipa maana iliyomo ndani yake: kila mtu ni kila mtu. Kama jambo lenyewe ni la umma na lina uzito, mahakama italisikiliza, aliyelileta awe mpole au mkorofi. Kesi nyingi za maslahi ya umma zilizofuata nchini, zile zinazofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu na mawakili wa kujitolea, zilipita mlango huo.

Kisha hukumu yenyewe, tarehe 24 Oktoba 1994. Madai mengine Mtikila alishindwa. Mawili makubwa alishinda. La kwanza ni vibali. Zamani ukitaka kufanya mkutano wa hadhara ulikuwa unaomba kibali kwa mkuu wa wilaya, yaani mteule wa Rais, ambaye kwa kawaida ni kada wa chama kinachotawala, ndiye anayeamua kama wewe mpinzani uongee au usiongee. Jaji akasema hilo linavunja Katiba. Bunge likalazimika kurekebisha sheria, na tangu hapo kinachotakiwa ni kuwapa polisi taarifa saa 48 kabla. Najua utaniuliza mbona mikutano ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Ilizuiwa kwa tamko. Sheria iliyokuwapo kitabuni ilikuwa ileile ya taarifa, na ndiyo maana wanasheria walipiga kelele miaka yote ile. Kila chama kinachosimamisha jukwaa leo viwanja vya Mashujaa pale Moshi, kikiwamo ambacho Mtikila alikichukia, kinatumia taratibu iliyotokana na kesi yake.

La pili ni lako. Jaji alisema ni halali raia kugombea bila chama, udiwani, ubunge na urais.

Sasa tazama tarehe. Serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa kubadilisha Katiba tarehe 16 Oktoba 1994, siku nane kabla ya hukumu kusomwa. Muswada ukapitishwa tarehe 2 Desemba, Rais akausaini tarehe 17 Januari 1995. Ukawa Badiliko la Kumi na Moja, Sheria Namba 34 ya 1994. Kabla ya hapo mtu angeweza kubishana kwamba masharti ya chama yanagongana na haki ya kushiriki kuongoza nchi iliyotajwa Ibara ya 21. Badiliko lile likaenda kwenye Ibara ya 21 yenyewe na kuifunga kamba kwenye Ibara ya 39, 47 na 67, zile zinazotaka chama. Serikali ilikata rufaa, halafu ikaiondoa. Ya nini rufaa, kama Katiba yenyewe imeshabadilishwa?

Hata Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna atakayemwita mtu wa Mtikila, aliandika kulilaumu jambo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge likizoea kuchukua haki ya msingi ya raia kwa njia ya kuongeza maneno "kwa kufuata sheria", haki nyingine zote nazo zipo mashakani. Na ikumbukwe mgombea binafsi hakuwa kitu kigeni nchini. Uchaguzi wa 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikwenda Mbulu, kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyemkataa mgombea rasmi wa chama chake, akasimama mwenyewe, akashinda. Mbulu wakati huo ilikuwa Jimbo la Kaskazini, makao makuu yake Arusha. Nchi haikuvunjika. Mwaka uliofuata tukapata Uhuru.

Mtu mwingine angechoka baada ya 1995. Mtikila alisubiri, akapata usajili wa DP, na mwaka uleule wa 2005 alipogombea urais akafungua kesi nyingine Mahakama Kuu Dar es Salaam, safari hii akilishambulia Badiliko lenyewe. Hapa pana jambo linalowachanganya watu: kwa nini mwenye chama chake apiganie haki ya wasio na chama? Hakufaidika nalo moja kwa moja. Yeye fomu yake DP ingeisaini hata usiku wa manane.

Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wakampa ushindi. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufani, rufaa ikachukua miaka, na mwishowe likakaa jopo la majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani. Mahakama iliita marafiki wa mahakama, wataalamu wasio upande wowote, wakiwamo maprofesa Jwani Mwaikusa na Palamagamba Kabudi. Huyu wa pili baadaye alikuja kuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Hukumu ilitoka tarehe 17 Juni 2010, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu: suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, si la kisheria, likamalizwe na Bunge.

Nimeisoma hukumu ile mara nyingi na sijawahi kuridhika nayo. Inaanza na uchambuzi mzito wa haki za msingi, unatarajia itafika mahali, halafu inarudisha mpira kwa yuleyule anayelalamikiwa kuunyang'anya. Bunge ndilo lililofunga mlango mwaka 1994, sasa raia anaambiwa akabishe hodi kwa Bunge. Lakini hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini, na neno lake linazifunga zote zilizo chini yake. Hili lishike, tutalirudia tukifika kwako.

Ndipo tunapofika Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia mjini hapa mwaka 2007, ipo Barabara ya Dodoma kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Kituo cha Mwalimu Julius Nyerere. Abiria wa daladala za Kisongo wanapita mbele yake kila siku, na ukiuliza wengi watakuelekeza AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ilikokuwa ile ya mauaji ya Rwanda, au makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliko Mahakama ya Afrika Mashariki. Ni mahakama tatu tofauti. Tanzania iliweka tamko mwezi Machi 2010 la kuruhusu raia na mashirika wafungue kesi moja kwa moja katika hii ya Afrika. Miezi mitatu baadaye Mtikila akashindwa Rufani. Mwaka 2011 akawa ameshafika Barabara ya Dodoma. Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wakafungua ya kwao, Namba 009/2011, yake ikiwa 011/2011, zikaunganishwa. Mmoja wa mawakili wake, Charles Adeogun-Phillips, alikuwa amewahi kuendesha mashtaka kwenye mahakama ya Rwanda hapahapa mjini.

Utetezi wa Serikali ulikuwa na nguzo mbili. Kwanza, hamjamaliza njia za ndani, kwa sababu Bunge bado lipo na mchakato wa Katiba mpya unaendelea. Mahakama ikasema njia za ndani zinazohesabika ni za kimahakama, na huyu alizimaliza. Pili, sharti la chama linalinda umoja wa kitaifa na kuzuia ukabila, na kwa vyovyote hakuna aliyezuiwa kujiunga na chama. Mahakama ikajibu kwamba uhuru wa kujiunga una ndani yake uhuru wa kutojiunga, na haki ya kushiriki kuongoza nchi ni ya raia, haipitii kadi ya chama. Ikakuta Tanzania imekiuka Ibara ya 2, 3, 10 na 13(1) ya Mkataba wa Afrika, ikaiamuru ichukue hatua za kikatiba, kisheria na nyinginezo ndani ya muda unaofaa kuondoa ukiukwaji huo. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama hiyo kuikuta nchi yoyote ya Afrika na hatia. Jaji Ramadhani alikuwa ameshachaguliwa kuwa jaji wa Mahakama hiyo, ila kesi hii hakuisikiliza, kwa kuwa jaji hakai kwenye kesi inayohusu nchi yake. Mwaka 2015, akiwa Rais wa mahakama hiyohiyo, alichukua fomu ndani ya CCM kuomba kugombea urais. Jina lake halikupita. Kwa sheria aliyoiacha mwaka 2010, asingeweza kusimama mwenyewe hata kama angetaka.

Mtikila aliomba pia fidia ya mabilioni ya shilingi. Tarehe 13 Juni 2014 Mahakama ikamjibu kwamba kwa maumivu ya moyo hukumu yenyewe ni fidia tosha, na kwa hasara za fedha hakuleta ushahidi wa kuziunganisha na ukiukwaji. Hakupata kitu. Serikali iliagizwa kuchapisha muhtasari wa hukumu kwa Kiswahili na Kiingereza, kwenye Gazeti la Serikali na gazeti linalosomwa nchi nzima.

Alfajiri ya tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, gari alilokuwamo lilipata ajali Msolwa, Chalinze, akifariki akiwa njiani kurudi Dar es Salaam.

Sasa swali lako la mwisho: mbona hukumu haitekelezwi? Mahakama ya Arusha haina polisi wala dalali. Ikiamua, inategemea nchi itii na iripoti. Serikali iliieleza kwamba suala limo ndani ya mchakato wa Katiba, na kwa wakati ule haikuwa uongo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliruhusu mgombea huru, na Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ikaacha jambo hilo limo. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika. Katiba ya 1977 ikabaki na maneno yake. Sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, Namba 1 ya 2024, ingeweza kuwa nafasi, lakini sheria haiwezi kuruka juu ya Katiba, na hakuna aliyeigusa Katiba.

Na nyuma ya Mtikila milango miwili ilirudishiwa. Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa lile tamko la Machi 2010, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 raia hawezi tena kufungua kesi mpya moja kwa moja Barabara ya Dodoma. Mwaka huohuo wa 2020, Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilirekebishwa, ikimtaka mlalamikaji aambatishe kiapo kinachoeleza alivyoathirika yeye binafsi. Huo ndio ule mlango wa Lugakingira. Chini ya sharti hilo Mtikila, mwenye madai kumi kwa niaba ya kila mtu, angekwama getini.

Wewe kwa sharti hilo usingekwama, kwa sababu umezuiwa wewe mwenyewe, kwa jina lako, kwenye kata yako. Ila Mahakama Kuu inafungwa na uamuzi wa Rufani wa 2010, kwa hiyo ukienda Mahakama Kuu hapo Moshi utasikilizwa, kisha utasomewa uamuzi uleule. Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea raia, lakini inataka uwe umefika ndani ya miezi miwili tangu kitendo unacholalamikia, na sheria hii ina umri mkubwa kuliko wako. Inabaki Kamisheni ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia. Huko raia bado anaweza kuandika, na kwa kuwa Rufani ilishafunga mjadala, una hoja ya kusema njia za ndani zimekwisha. Ni safari ya miaka. Udiwani wako wa uchaguzi ujao haumo ndani yake. Kama lengo lako ni kata, usianzie huko. Kama lengo lako ni haki, tafuta wenzako wenye nia hiyohiyo na mtafute wakili wa haki za binadamu, na hukumu ya 2013 iwe waraka wa kwanza kwenye jalada lenu.

Kuna njia ambayo wengi huifuata, nayo ni kuazima chama. Vyama vidogo vipo, vingine vya mfukoni, vinavyoonekana msimu wa uchaguzi tu, na vingine viko tayari kumpa fomu mtu anayekubalika mtaani kwake. Sikukatazi. Mrema aliifanya TLP ikampeleka bungeni. Ila jua unachokiingia: hapa kwetu kiti kinafuata kadi. Diwani aliyefukuzwa uanachama anapoteza na udiwani, hata kama kata nzima ilimpigia kura yeye na hakuna aliyelijua jina la chama.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kadi, omba katiba ya chama hicho uisome. Tafuta vifungu vya nidhamu. Angalia nani ana mamlaka ya mwisho ya kumfukuza mwanachama, kikao kipi kinasikiliza rufaa, na kama kikao hicho kimewahi kukaa. Muulize katibu wa wilaya maswali hayo uso kwa uso, na jibu lake uliombe kwa maandishi. Akishindwa kukuonyesha hata nakala ya katiba yao, nenda chama kingine. Na ufanye hivyo mwaka kabla ya uchaguzi, maana zikishaanza kura za maoni ndani ya chama utakuta majina yameshapangwa, na ada yako hairudi.